Matoka Ndani ya Madebe

Wawira alishuka shambani kukata majani ya ng'ombe, na alipofika mahali ambapo kila siku ya Mungu alipita bila hata kutazama, akasimama. Mpaka haukuwako. Akatazama juu kwenye mti wa avokado, akatazama chini kuelekea barabara ya Meru, akayasugua macho yake kwa leso. Wapi! Matoka yote yalikuwa yameng'olewa, na mahali pake palikuwa pamelimwa kwa ng'ombe, udongo mwekundu umegeuzwa vizuri, tayari kwa maharagwe.

Kama hujawahi kuliona itoka, ni mmea wenye kiazi kama kitunguu kikubwa na majani marefu yanayolala pande zote. Mvua ya vuli ikinyesha mara mbili tatu, linatoa maua meupe yenye mistari ya waridi. Mbuzi halili, kiangazi hakiliui, na hata ukiling'oa ukalitupa juani kutwa, mvua ikija utalikuta limeshika udongo tena. Lakini Uembuni hakuna mtu aliyewahi kulipanda kwa ajili ya urembo. Linapandwa pale shamba la huyu linapoishia na la yule linapoanzia, basi, na likishapandwa haliguswi.

Mzee Njiru, baba mkwe wa Wawira, alipowagawia wanawe wawili, Ireri na Kinyua, aliita wazee wa mpaka. Akachinja beberu, matoka yakapandwa mstari mmoja kutoka juu hadi barabarani, na maneno yakasemwa juu yake: atakayeyang'oa, nyumba yake isilee mtoto. Cheti cha shamba kilibaki kwa jina la Mzee Njiru, na hadi leo kiko hivyo hivyo, maana nani alikuwa na haraka? Kisha Mzee Njiru akafa. Wale wazee nao wakaenda mmoja mmoja, wa mwisho akizikwa mwaka wa ile mvua ya El Nino iliyoangusha madaraja. Ireri mwenyewe, mume wa Wawira, alikuwa ametangulia. Aliyebaki kumtetea Wawira ni hayo matoka peke yake.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yao ya kutetea! Kinyua, shemeji yake, alikuwa amekwenda kwa chifu na hadithi mpya kabisa. Eti baba yao alimwazima tu Ireri mahali pa kujenga. Eti mpaka wenyewe unapita kule juu kwenye avokado. Hadithi hiyo ikikubaliwa, nyumba ya Wawira, jiko lake, zizi la ng'ombe na kaburi la Ireri, vyote vingekuwa kwa Kinyua, na Wawira angekuwa mgeni aliyekawia kuondoka. Chifu akasema wazee waje Ijumaa waone kwa macho. Wawira alipopata habari hizo alicheka. "Waje tu," aliwaambia akina mama wenzake wa kanisa. "Hawahitaji kuniuliza mimi. Wataona matoka."

Sasa Ijumaa ilikuwa imefika, na ya kuonwa hayapo.

Neno la kwanza lililomtoka halisemeki. La pili lilikuwa "Kinyua." Nani mwingine? Wawira alikuwa Runyenjes tangu Jumatano, kwenye matanga ya dada ya mumewe, akakoroga sufuria za watu siku mbili na kurudi jana jioni kwenye mvua, amechoka hata hakuwasha taa. Huyo mwizi aling'oa akalima nikiwa naomboleza dada yake mwenyewe, alijiambia, na akawa anaelekea kwa Kinyua na panga la kukatia majani mkononi. Mungu ndiye anajua yangekuwaje huko. Lakini chini kabisa, ukingoni mwa barabara ambapo ng'ombe wa kulima hawakuweza kugeukia, akaona jani la itoka limeanguka. Mbele yake akaona lingine. Kisha alama ya gurudumu la wilbaro kwenye matope, mvua haijaifuta, ikivuka njia na kuingia faktori.

Wawira akaifuata, panga lake mkononi.

Pale watu waliendelea kupaita faktori, ingawa kahawa haikuwa imemenywa humo kwa miaka kadhaa. Chama cha ushirika kilikuwa kimegawanyika, upande huu ukaenda kortini, upande ule nao ukaenda kortini, mashine ikanyamaza, na mabati yakaanza kuliwa na kutu. Mwishowe akatokea Mutegi, mtu wa Meru aliyefanya kazi katika hoteli za Nairobi hadi akazichoka. Akakodi jengo kutoka kwa kile kilichobaki cha kamati, akapaka kuta chokaa na kuandika mlangoni FAKTORI KOFI HAUSI. Watu wa Karurumo walicheka hadi wakashika mbavu. Kuuzia watu wa kahawa kahawa! Kahawa hapa ni kitu cha kubebwa mgongoni na kupelekwa, hakuna aliyewahi kuinywa, watu wanakunywa chai. Lakini magari ya barabara ya Embu na Meru yakaanza kusimama. Watu wa miradi wakaja, mapadri wa misheni wakaja, walimu mwisho wa mwezi wakaja, na vijana wawili wawili wanaotaka kuzungumza mahali ambapo mama zao hawatapita. Na Igoki, binti ya Wawira, mtoto wake wa pekee, akapata kazi na chumba huko huko, maana alikuwa amesomea mambo ya hoteli Meru mjini.

Wawira hakuwahi kuingia. Alikuwa akimwambia Igoki, "Nitakuja siku moja," kama mtu anavyoahidi kwenda Mombasa. Siku hiyo aliingia kwa mlango wa zamani, pale ambapo zamani walimwaga kahawa mbivu chini ili karani aichague, ameshika panga, magamubuti yake ya mpira yamejaa matope. Mzungu mmoja aliyekuwa akisoma gazeti aliinua macho, akaona panga, akayarudisha haraka kwenye gazeti.

Ndani palikuwa pazuri, huwezi kusema uongo. Mashine ya kumenya ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ikasimamishwa katikati kama bibi harusi. Matangi ya kulowekea yalikuwa yamewekewa viti na mito ndani yake, watu wanateremka kwa ngazi ndogo kukaa pale kahawa ilipokuwa ikichacha. Meza za kuanikia zilikuwa zimekatwa zikawa meza za kulia. Na kila mahali, kando ya kuta, kwenye kona za matangi, dirishani pale pa kupokelea mizigo, kulikuwa na madebe ya zamani ya kupimia kahawa yamepakwa rangi ya buluu. Ndani ya kila debe kulikuwa na itoka, na karibu yote yalikuwa yamechanua.

Furaha ilimjia kwanza, jamani, furaha kabisa! Yako hapa! Hayakutupwa mtoni, hayakuchomwa. Akaenda debe hadi debe akiyagusa majani, akinong'ona kwa Kiembu, akiyaita yake.

"Mami!"

Igoki alikuwa ametoka jikoni na aproni nyeupe, trei mkononi, meno yote nje. "Mami umekuja kweli! Na hukuniambia. Ebu tazama, si yamependeza? Wateja wote wanauliza ni maua gani. Mzungu yule amepiga picha."

Wawira akamtazama binti yake. Lile neno "Kinyua" lililokuwa limemkaa mdomoni tangu asubuhi likashuka taratibu na kurudi tumboni, na likageuka kuwa kitu kingine kizito zaidi.

"Nani ameyaleta haya?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Si ni mimi. Mutegi alisema pahali pamekauka sana, anataka kwenda kununua maua Embu. Nikamwambia anunue ya nini, na kwetu maua yamejaa tu huko shambani hakuna mtu anayatumia? Nikachukua wilbaro yake Jumatano."

"Ukang'oa mangapi?"

"Yote. Nilianza juu, nikamalizia hapa barabarani. Mgongo uliniuma, mami, hayo yana mizizi! Na usijali, mashimo nilifukia yote vizuri, ng'ombe asije akavunjika mguu."

Mtoto mwema. Mtoto aliyefikiria hadi mguu wa ng'ombe! Wawira aliinua mkono, na Igoki akaona mkono unakuja, akakunja uso bila kuelewa. Lakini kofi halikufika. Wawira alikaa chini kwenye kiti cha karibu, panga magotini.

Angempigia nini? Kwa kutojua? Na nani alimwambia? Mipaka wanaonyeshwa wavulana. Baba anamshika mwanawe mkono siku moja, anapita naye mstari wote, anamwambia hapa, na hapa, na hapa. Msichana anaonyeshwa nini wakati ataolewa aende kwa mpaka wa watu wengine? Wawira mwenyewe kwao hakuonyeshwa. Aliyaona ya kwa mume wake kwa sababu alikuta Mzee Njiru bado hai, mkali, akifukuza watoto wasicheze karibu nayo. Igoki alikulia bweni, kisha Meru mjini, akirudi likizo kuosha vyombo. Ireri hakuwa na mvulana wa kumshika mkono, na Wawira hakuwahi kufikiria kwamba ingepasa amshike msichana.

"Mami, ni nini? Mbona umekaa hivyo? Nikuletee maji?"

"Igoki," alisema Wawira polepole. "Haya si maua."

Akataka kumweleza. Akaanza. Lakini Mutegi akawa amekwisha kufika, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza chumba, akipangusa mikono kwenye taulo. "Mama Igoki! Karibu, karibu sana! Leo umeamua kututembelea. Kaa hapo hapo, kahawa yako leo ni ya bure, na keki juu!"

"Bwana Mutegi, mimi nataka matoka yangu."

"Maua?"

"Yote. Sasa hivi."

Mutegi akamtazama Igoki, Igoki akainua mabega. "Mama, kama hukupewa habari, nisamehe," Mutegi alisema, na alikuwa anamaanisha. "Mimi nilidhani mmeelewana. Chukua yote. Hata nitakupa pikapu ikupelekee. Ni maua tu, kwani tutapigania maua?"

Wawira akasimama haraka, akaliinua debe la kwanza, akalikumbatia kifuani, udongo ukamwagikia kitenge chake. Akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Na hapo katikati ya nyumba, karibu na ile mashine nyekundu, akili ikamrudia, akasimama na debe lake kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Akayapeleke wapi? Itoka halipandwi na mtu mmoja. Linapandwa na wazee, mchana, pande zote mbili zikitazama, damu ya beberu ikiwa chini. Mtu akikutwa anapanda peke yake, huyo anahamisha mpaka, na hakuna jina baya kuliko hilo. Kwenye udongo uliolimwa jana, mchanga bado unameta? Kinyua angepiga kelele hadi Embu isikie. Angesema shemeji yake ameamka kupanda mpaka anaoutaka yeye, na safari hii angekuwa anasema kweli. Matoka yalikuwa mikononi mwa Wawira, mazima, yamechanua, na hayakuwa na faida yoyote.

Akaliweka debe chini. Na jambo la pili likamjia, baya kuliko la kwanza. Nyumba ikijulikana imeng'oa mpaka, wazee hawaiulizi tena mpaka ulikuwa wapi. Wanamuuliza yule mwingine, na asemalo ndilo. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani na ndivyo chifu anavyoiandika. Na aliyeng'oa kwa mkono wake anabaki na yale maneno yaliyosemwa juu ya beberu. Wawira alikuwa mtu wa kanisa, alivaa sare ya akina mama kila Jumapili ya kwanza, na pasta alikwisha kusema mara ngapi kwamba laana za wazee ni upuzi mbele ya damu ya Yesu. Alikubali. Aliitikia amina. Lakini sasa alimtazama Igoki, miaka ishirini na miwili, kiuno chembamba ndani ya aproni, na ile amina haikupatikana popote. Alisikia hofu tu, hofu tupu.

Shamba limekwenda. Hilo alilielewa hapo hapo, akisimama. Kilichobaki ni mtoto.

"Bwana Mutegi," alisema, na sauti yake ikawa ya kubembeleza, jambo ambalo hakulizoea. "Nisaidie. Uyatoe haya hapa mbele. Yaweke huko nyuma, stoo, popote, na ufunge. Usiulize kwa nini. Na ukiulizwa na mtu yeyote, huyo Igoki hayajui. Nakuomba kama ndugu yangu."

"Sawa, mama, sawa," alisema Mutegi, akikuna kichwa. Akashika debe moja, akamwita mpishi aje ashike lingine. Walikuwa wametoa matatu, au pengine manne, mvua iliponyesha.

Ilinyesha ile mvua ya Karurumo isiyobisha hodi. Mabati yakapiga kelele mtu asisikie mwenzake, na kutoka barabarani wakaja watu watatu na mmoja mbele yao wakikimbia, makoti vichwani. "Ingieni, ingieni wazee!" alikuwa akiita yule wa mbele. "Tujikinge hapa kwa Mutegi, ikipungua twende juu shambani. Na kahawa leo ni juu yangu!"

Alikuwa Kinyua. Na wale watatu walikuwa wazee wa mpaka.

Walikaa kwenye meza kubwa karibu na dirisha la kupokelea, wakijikung'uta. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ndwiga, mrefu, koti la kijivu na kofia, aliyefunga skafu shingoni hata kukiwa na jua. Hakuwahi kukaa kwenye kamati bila kuwa mwenyekiti wake, na faktori hii pia aliwahi kuiongoza. Akageuza shingo huku na huku, macho yakimtoka.

"Ngai! Hapa si ndipo tulikuwa tunaloweka? Na sasa watu wanakalia?" Akacheka, na wenzake wakacheka. "Mutegi, wewe mwizi, unatuuzia kahawa yetu wenyewe! Haya, lete hiyo kahawa tujue miaka hii yote tulikuwa tunawapelekea Wazungu kitu gani."

"Ni chungu, mzee," alisema yule mdogo wao. "Mimi nilionja, nikadhani ni dawa ya minyoo."

"Basi nzuri, nina minyoo."

Igoki akaja na trei, akainama vizuri, akawapa vikombe mkono kwa mkono kama alivyofundishwa, na Mzee Ndwiga akamsifu. Akauliza ni binti ya nani. "Ireri," alisema Kinyua. "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu." Na aliposema hivyo macho yake yalikuwa yamekwisha kumpita Igoki, yamefika ukutani, yamepita debe hadi debe, na kuishia kwa Wawira aliyesimama kando ya mashine na udongo kifuani. Alhamisi Kinyua alikuwa ameukuta mpaka umeng'olewa, asijue ni nani aliyemtendea wema huo. Akawahi kuleta ng'ombe kabla mtu hajauliza. Sasa alijua. Akatia sukari, akakoroga, akakoroga tena.

"Kumbe Mama Igoki uko hapa," alisema Mzee Ndwiga. "Vizuri, tutakwenda juu pamoja mvua ikiisha. Usiwe na wasiwasi, mambo ya mpaka si ya maneno mengi. Tunaona, tunaenda nyumbani."

"Ndiyo, mzee," alisema Wawira.

"Mahali hapa pamependeza lakini," alisema Kinyua, akiinua kikombe. "Ona hata maua."

Mzee Ndwiga akageuka. Akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akaweka kikombe chini.

"Haya ni matoka," alisema.

Mvua ilikuwa imeanza kulegea, kwa hivyo kila mtu alisikia.

"Nani amefuga matoka ndani ya nyumba? Mutegi! Wewe ni mtu wa Meru, lakini hata nyinyi si mnayajua? Umeyatoa wapi haya?"

"Hayo, mzee," alisema Mutegi kwa ukarimu wake, debe moja bado mikononi, ameyasahau yale aliyoombwa au hakuyapa uzito, "hayo nililetewa na—"

"Na mimi," alisema Wawira.

Akasogea mbele hadi mezani. Hakujua atasema nini baada ya hapo, alijua tu lazima aseme kabla ya mtu mwingine. "Ni mimi nimeyang'oa, mzee. Ni yale ya kwetu."

"Wewe." Mzee Ndwiga akamgeukia. "Mke wa Ireri. Umeng'oa mpaka wa mume wako mwenyewe, wiki ambayo wazee wanakuja kuuona?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka... Bwana Mutegi alikuwa anataka maua." Hata yeye aliusikia uongo wake ulivyokuwa mwembamba. Yule mzee mdogo alitazama chini kwenye kikombe kwa aibu. Mzungu aliomba bili.

"Mama Igoki, wewe si mtoto," alisema Mzee Ndwiga, na hakuwa na hasira, alionekana mtu aliyechoka. "Unajua ulichofanya."

"Najua."

"Unajua siwezi kukuuliza kitu tena."

"Najua, mzee. Muulize yeye. Mimi nimekubali." Na kweli alikuwa amekubali. Uchungu ulimjaa, nyumba, jiko, kaburi, lakini chini ya uchungu huo palikuwa na kitu cha kushikilia. Maneno ya beberu yakitaka mtu, yamepata mwanamke mzee aliyekwisha kuzaa na kuzika. Yana kazi gani tena kwake? Akamtazama Kinyua moja kwa moja, na Kinyua ndiye aliyegeuza macho.

Mzee Ndwiga akavuta pumzi. "Haya. Kinyua, mwana wa Njiru. Tuambie mbele ya—"

"Ngoja, mzee. Samahani."

Igoki alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ameyasikia yote. Alikuwa hajaelewa hata nusu, ila alielewa kwamba kuna kesi ya shamba, kwamba mama yake amekubali kosa ambalo si lake, na kwamba sasa anaulizwa ami yake peke yake. Hilo halikuwa haki, na Igoki alikuwa amefundishwa shuleni tangu darasa la kwanza kwamba ukiona lisilo la haki useme.

"Igoki, rudi jikoni," alisema Wawira.

"Mama anadanganya, mzee. Alikuwa Runyenjes, watu wote wanajua. Anajaribu kunitetea nisifukuzwe kazi."

"Igoki! Nyamaza!" Wawira alimrukia. Akamshika mkono, akajaribu kumziba mdomo kwa kiganja mbele ya watu wote, kama mtoto anayelia kanisani, panga likaanguka sakafuni kwa kishindo. Lakini Igoki alikuwa na nguvu kuliko yeye. Akautoa mkono wa mama yake taratibu, kwa heshima, akaushika.

"Mama, acha niseme. Si ndio nitakusaidia?" Akawageukia wazee, uso wake umenyooka, wazi, hauna hatia hata chembe. "Ni mimi nimeyang'oa. Jumatano. Kwa mikono yangu, yote, kutoka juu mpaka barabarani. Sikujua ni mpaka. Kwa hivyo hakuna shida, wazee. Mpaka haujapotea! Mimi nakumbuka kila shimo."

Yule mzee mdogo akasukuma kiti chake nyuma, mbali na meza, mbali na Igoki. Wa pili akakisukuma kikombe alichopewa na msichana huyo hadi katikati ya meza, akajipangusa vidole kwenye suruali. Mzee Ndwiga akavua kofia.

"Una mtoto?" alimuuliza.

"Bado, mzee," alisema Igoki, akishangaa swali.

Mzee Ndwiga akatikisa kichwa mara nyingi, taratibu.

"Hakujua," alisema Wawira. Alikuwa amepiga magoti bila kujua alivyofika chini. "Mzee Ndwiga, wewe una mabinti. Hakujua, hakuna aliyemwambia, niweke mimi mahali pake. Niandike mimi. Hata hamjaandika bado!"

"Amejisema mwenyewe, mama. Kwa kinywa chake," alisema Mzee Ndwiga, na sauti yake ilikuwa na huruma yote ambayo mtu anaweza kuwa nayo na bado asifanye kitu. "Ungemfundisha."

Kisha akamgeukia Kinyua na kumwambia aendelee, aseme mpaka ulikuwa wapi. Kinyua akakohoa, akaanza na mti wa avokado.

"Si hapo!" alisema Igoki. Akaenda dirishani, pale pa kupokelea mizigo, ambapo shamba lote lilionekana limeoshwa na mvua. "Wazee, njooni muone. La kwanza lilikuwa pale juu karibu na choo cha ami. La pili pale, mnaona lile jiwe? La tatu..." Aliendelea kuonyesha kwa kidole, shimo moja baada ya jingine, akishuka nalo hadi barabarani bila kukosea hata moja, na hakuna mzee aliyegeuka kutazama.